Wagika, Wagalu na Sikio la Kikongwe

Wajukuu zangu wa Kirumba hapa Mwanza, ninyi hamhitaji redio kujua kama leo kuna mechi. Uwanja wa CCM ukijaa, kelele hupanda mpaka kwenye nyumba za juu ya mawe na kushuka mpaka ziwani, na kabla mtu hajawaambia matokeo mmeshajua nani kafunga. Basi nisaidieni kuufikiria uwanja mwingine. Ondoeni magoli. Ondoeni mpira. Ondoeni na refa, yule ambaye kila Jumatatu analaumiwa vijiweni. Wekeni vikundi viwili vya ngoma, kimoja upande huu na kingine upande ule, vyote vianze kupiga saa ileile. Watazamaji wasikalishwe jukwaani. Waachwe huru, waende wanakotaka na kurudi wakitaka. Jua likielekea kuzama, kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho mshindi.

Hayo ndiyo mashindano ya Wagika na Wagalu. Yalianza huku Usukumani katika karne ya 19, siku nyingi kabla ya Simba na Yanga. Wazee husimulia kwamba palikuwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, na kila mmoja aliamini dawa yake ni kali kuliko ya mwenzake. Ubishi kama huo hauna mwisho mkiwa wawili tu chumbani. Ukapelekwa uwanjani, mbele ya watu, kwa ngoma. Waliomfuata Ngika wakaitwa Bagika, yaani Wagika, waliomfuata Gumha wakaitwa Bagalu, yaani Wagalu, na mpaka leo ukienda vijijini huko Magu au Kwimba utakuta familia inayojua kabisa iko upande gani.

Msimu wa kucheza ni baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi, mtama na mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Nani angecheza huku magugu yanamlia shamba? Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi. Huyo ndiye mtunzi wa nyimbo, ndiye mwalimu wa hatua, ndiye mwenye dawa ya kuvuta watu, na ndiye anayelala macho wazi usiku wa kuamkia mashindano akiwaza mbinu mpya. Maana wimbo mzuri peke yake hautoshi. Umati una tamaa; ukionyeshwa kitu kizuri upande wa pili, unahama. Kwa hiyo baningi walileta vinyago vya mbao vyenye mikono inayochezeshwa, wakaleta watu waliosimama juu ya miti mirefu, wakaleta chatu shingoni, wakaleta fisi. Fisi, ndiyo! Fisi hai amefungwa kamba, analetwa katikati ya ngoma, na huyo mtazamaji aliyekuwa anafurahia nyimbo za upande wa pili anageuza shingo na miguu inafuata.

Na matusi je? Yalikuwepo, yametiwa ndani ya nyimbo. Ningi wa Wagika alimwimba ningi wa Wagalu: sura yake, ufukara wake, uvivu wake, mavuno yake ya aibu. Mwenzake alijibu kwa wimbo mkali zaidi. Aliyekasirika akainua fimbo alikuwa ameshashindwa, maana watu walikuja kusikia jibu, hawakuja kuona hasira.

Sasa kaeni vizuri, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Ningi angeweza kujiona hodari kuliko wote duniani. Angeweza kuwa na dawa, na vazi la shanga, na jina kubwa. Kama saa kumi jioni watu wamemwachia uwanja wazi na wapiga ngoma wake wanaangaliana, ushujaa wake alikuwa nao peke yake. Na nikiyatazama maisha ya wazee wetu, ninaona kanuni hiyo hiyo ya uwanja wa ngoma ilikuwa imeingia kila mahali: shambani, kwa mtemi, hata ndani ya nyumba ya mume na mke. Ukiwa na nafasi mbele ya wenzako, wenzako ndio wanaoipima.

Tuanze shambani. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kulima uliojulikana kama elika. Mtu mwenye shamba kubwa, au mjane asiye na mikono ya kumsaidia, aliwaita. Wakafika alfajiri na majembe yao, wakajipanga mstari, mwimbaji akaanza, na majembe yakapanda na kushuka pamoja. Malipo yalikuwa chakula, pombe, pengine mbuzi au ng'ombe wa kuchinjwa na vijana wote. Mkiona leo ngoma ya Bugobogobo, wachezaji wanarusha majembe juu na kuyadaka huku ngoma kubwa zinanguruma, msifikiri ni mchezo uliobuniwa kwa ajili ya watalii. Yale majembe yalitoka shambani. Profesa mmoja Mmarekani wa muziki, Frank Gunderson, alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma, akachapisha kitabu kikubwa sana mwaka 2010. Nyimbo za kazi tu! Huko kwao nadhani watu walishangaa; sisi tulishangaa kwamba alishangaa.

Kiongozi wa vijana hao aliitwa nsumba ntale. Hakurithi cheo. Vijana wenyewe walimchagua, na walimtaka awe mtu wa namna gani? Awe anajua kulima kuliko wao, maana nani atafuata jembe la mvivu? Awe anajua kupatana na mwenye shamba ili vijana wasipunjwe. Na awe na ujasiri wa kumwambia mwenzake anayekwepa kazi kwamba zamu yake imefika. Adhabu ya mkwepaji sugu haikuwa jela. Alitengwa. Hakuna anayemsalimia, hakuna anayempa moto wa kuwashia jiko, hakuna anayekuja akifiwa, mpaka atoe faini na kuomba radhi. Huenda mnaona ni adhabu ndogo. Jaribuni kuishi wiki moja Kirumba bila mtu yeyote kuwajibu salamu, kisha mniambie.

Elika mjini imebadilika sura, lakini ulizeni mama zenu kuhusu kile kikundi chao cha kufa na kuzikana. Pale Mwaloni, ambako wanawake wanaanika dagaa na kuwapimia wateja kwa sado, ambako Msukuma anauziana na Mkerewe, Mjita, Mhaya na Mjaluo, msiba ukitokea daftari linafunguliwa. Fulani kaleta mchango, fulani kaleta kuni, fulani hakuonekana. Huyo asiyeonekana atatozwa faini, na mweka hazina asipoeleza fedha zilipokwenda, mwakani hatachaguliwa.

Zilikuwepo kazi nyingine ambazo si kila mtu aliziweza. Nungunungu ni mnyama mharibifu. Usiku mmoja anaweza kulifukua shamba la viazi au karanga, na mchana analala shimoni chini ya ardhi. Chama cha Banunguli ndicho kilichojua kumfuata humo humo. Mwindaji alitambaa kwa tumbo gizani, mkuki mbele, bila kujua kama kule ndani amelala nungunungu peke yake au amekaribisha na nyoka. Kwa sababu ya nyoka hao, Banunguli walilazimika kujua dawa. Na kilikuwepo chama cha Bayeye, wakamata nyoka, ambao walitibu waliogongwa na kucheza ngoma na chatu mabegani. Kuingia katika vyama hivyo kulikuwa na ada yake, mafunzo yake na siri zake. Mganga wa nyoka alikuwa na heshima kubwa, lakini heshima hiyo ilikuwa ikitahiniwa kila mara: mtu ameumwa, ameletwa kwa machela, ama atapona ama hatapona, na kijiji kizima kinatazama.

Juu ya wote alikaa ntemi, ambaye kwa Kiswahili tunamwita mtemi. Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na tawala nyingi ndogo, karibu 50, kila moja na mtemi wake. Mtemi alitoka katika ukoo wa kitemi, ila hakujitawaza. Walikuwepo wazee walioitwa banang'oma, na hao ndio waliochagua nani akalie kiti. Mtemi alipewa ngoma, alilimiwa mashamba, aliletewa nafaka. Nafaka hiyo haikuwa yake peke yake. Njaa ikiingia, watu walitazamia ghala la mtemi lifunguliwe.

Na mvua? Mvua nayo ilikuwa juu ya kichwa chake. Iliaminika kwamba mtemi mwema huleta mvua, na ukame ukizidi, watu walianza kunong'ona, kisha wakasema kwa sauti, kisha mtemi akaondolewa. Mimi naona hapo wazee walimwonea binadamu mwenzao, kwa sababu mawingu hayaulizi nani amekalia kiti. Lakini sitaki mcheke upesi. Wale watu walikuwa wanasema jambo moja la busara kwa namna yenye kosa: anayetangulia kupelekewa chakula, atangulie pia kuulizwa chakula kinapokosekana.

Waingereza walipotawala waliwaunganisha watemi hao katika shirikisho moja na kuweka makao yake Malya mwaka 1946. Cheo kikapata mshahara na karatasi. Mtemi ambaye zamani aliwaogopa banang'oma na ukame, sasa alikuwa na mkubwa mwingine wa kumridhisha, aliyekaa mbali na asiyejua jina la mjane hata mmoja. Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru, mwaka 1963 sheria ikafuta mamlaka ya machifu. Ngoma zao, viti vyao na mikuki yao mnaweza kuvitazama Bujora, pale Kisesa, daladala moja tu kutoka mjini kwa njia ya Musoma. Makumbusho hayo yaliasisiwa na padre kutoka Kanada, David Clement, aliyeipenda ngoma ya Wasukuma kiasi cha kuiingiza kanisani. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo mara nyingi huangukia mwezi wa sita, ikawa pia siku ya Bulabo: asubuhi misa na maandamano, kisha Wagika na Wagalu wanaingia uwanjani. Nyoka wapo. Watu wanahama kama zamani, isipokuwa sasa mkono mmoja umeshika simu.

Hamjanichoka? Kalagu!

Mnaojua Kisukuma mmeshajibu "Kize!" Mtega kitendawili husema hivyo, na wasikilizaji huitikia hivyo. Basi tegueni hiki nilichokitunga mwenyewe: ni mwanamume, ana nyumba, ana mke, ana mji wake, na bado amepika pombe akaenda nayo kupiga magoti kwa watu. Nani huyo?

Ni Myombekere, na alitoka ng'ambo ya maji, Ukerewe, huko zinakokwenda meli zetu. Mzee Aniceti Kitereza aliandika habari zake kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, akihofia kwamba watoto wa shule watasahau jinsi babu zao walivyoishi. Baadaye akakifasiri kitabu hicho mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Miaka 35 ya kungoja! Myombekere na mkewe Bugonoka walipendana, lakini watoto hawakuwapata. Ndugu za mume wakaanza kumsimanga Bugonoka. Wazazi wake waliposikia wakaja wakamchukua binti yao. Na mume? Hakwenda kumvuta kwa mabavu. Ilimpasa aende kwa wakwe, akae chini, asikilize anayosemwa, kisha atengeneze pombe ya ndizi na kuipeleka kama faini, ndipo mke arudi. Kosa lilikuwa la midomo ya ndugu zake, lakini mwenye nyumba ndiye aliyejibu. Someni kitabu hicho mkikua kidogo. Ni kinene, na humo ndani watu wanasalimiana kurasa kwa kurasa, nami sikuruka hata salamu moja.

Sitawadanganya kwamba kila kitu cha wazee kilikuwa asali. Umati unaoweza kumpima mtemi unaweza pia kukosea vibaya, na huku kwetu kanda ya ziwa umekosea kwa miaka mingi juu ya vikongwe. Mwanamke amepika maisha yake yote kwa kuni, na mahali ambako miti imekwisha amepika kwa samadi ya ng'ombe. Moshi umemla macho, yamekuwa mekundu. Mtoto wa jirani akafa kwa malaria, ng'ombe wakafa, na mtu akanyoosha kidole: ni yule, mtazameni macho. Mabibi wengi wameuawa hivyo, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga hasa, wengi wao wajane wasio na kijana wa kusimama mlangoni. Msikubali mtu awaambie hiyo ni mila. Katika mila nilizowaeleza leo, anayetuhumiwa husimama mchana mbele ya watu akajibu. Wauaji huja usiku, na hawaulizi.

Na katika hadithi yetu kubwa kuliko zote, yupo kikongwe. Sogeeni.

Hapo zamani lilitokea zimwi, jina lake Shing'weng'we. Lilimeza watu, likameza ng'ombe, likameza mbuzi, kuku na mbwa, likameza kijiji hiki na kile mpaka nchi ikawa kimya. Akabaki mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha ndani ya lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza, "Mama, mbona tupo wawili tu? Wenzetu wako wapi?" Mama akamweleza habari za Shing'weng'we.

Siku hiyo hiyo kijana akatoka na upinde. Akarudi mbio na panzi mkononi. "Mama, mama! Nimemuua Shing'weng'we!" Mama akacheka, akasema, "Mwanangu, huyo ni panzi tu, tumchome tumle." Siku nyingine akarudi na ndege. "Mama, mama! Nimemuua Shing'weng'we!" "Huyo ni ndege tu, mwanangu, tumchome tumle." Akaja na paa mdogo begani, anahema. "Mama! Safari hii ndiye!" "Huyo ni paa, mwanangu." Mama hakumwambia acha, utakufa. Wala hakumsifu kwa panzi.

Hatimaye Masala Kulangwa akakutana na lenyewe. Shing'weng'we likanguruma, "Nitakumeza kama nilivyowameza baba zako!" Kijana akasimama imara, akalipiga mishale mpaka likaanguka. Kisha akachukua kisu akalipasua. Akatoka baba yake. Wakatoka majirani. Wakatoka ng'ombe wanalia mbuu, wakatoka mbuzi, wakatoka watu wa vijiji ambavyo yeye hata hakujua vilikuwepo. Vigelegele, ngoma, watu wanakumbatiana.

Na katikati ya shangwe ile, sauti moja inalalamika. Kikongwe mmoja alikuwa karibu mno na ngozi ya zimwi, na kisu cha Masala Kulangwa kilipopasua kilimkata sikio. Ametoka tumboni akiwa hai, lakini damu inamtiririka shingoni, na ana hasira kweli kweli. Akamtukana mkombozi wake hadharani. Inasemwa alikusudia hata kumroga.

Wasimuliaji wengine huurukia mwisho: wanasema watu wakamfanya Masala Kulangwa kuwa mtemi, basi, hadithi imekwisha, kalaleni. Mimi siwezi. Mara nyingi mtoto mmoja huinua mkono akauliza kwa nini bibi yule hakushukuru tu, si ameokolewa? Na mwingine humjibu kabla yangu, "Wewe ungekatwa sikio ungeshukuru?" Nawaacha wabishane, kisha naendelea.

Masala Kulangwa hakumwambia anyamaze. Hakuwaelekeza watu wamtazame macho. Aliingia porini akatafuta dawa, akarudi, akapiga magoti mbele ya kikongwe, akamtibu sikio likapona. Watu wote wakiwa wanatazama. Kiti cha utemi kililetwa baada ya hapo.